Mboga za uani kwenye mchanga wa Kigamboni

Mchanga wetu huku Kigamboni hauna shukrani. Umwagilie alfajiri, saa sita umekauka kana kwamba hukuugusa. Ndiyo maana mimi huhangaika na samadi kwanza, mbegu baadaye. Tafuta ya ng'ombe au mbuzi iliyokaa miezi mitatu hivi, ambayo ukiishika haina joto wala haikukimbizi kwa harufu. Mbichi itaunguza mizizi. Changanya ndoo moja ya samadi kwa mbili za mchanga. Kama ua wako umesakafiwa, jaza mchanganyiko huohuo kwenye viroba vya kilo 25 au ndoo zilizopasuka, utoboe matundu chini.

Mwanzo upande mchicha. Mbegu zake changanya na mchanga mkavu kabla ya kusia, zisianguke zote mahali pamoja. Wiki ya nne unang'oa mboga. Matembele hayataki mbegu: omba vipande vya shina kwa jirani, uchomeke, umwagilie. Bamia sia palepale zitakapokulia. Sukuma wiki ndiyo inayotaka adabu. Iote kitaluni kwanza, ihamishwe jioni ikiwa na majani manne au matano, na kati ya mche na mche paachwe futi moja na nusu. Ukiibananisha, hewa haipiti na wadudu wanapata maficho.

Sasa hao wadudu. Watu wengi wakiona jani limetoboka hukimbilia dawa. Mimi hukimbilia upande wa chini wa jani. Wakati wa kumwagilia asubuhi, pindua majani machache ya kila mche: huko ndiko vidukari, wale wadudu wadogo laini wanaonyonya utomvu, wanakojazana, na nzi weupe pia. Viwavi waokote kwa mkono, kuku watakushukuru. Vidukari wakiwa wachache waponde kwa vidole au uwaangushe kwa maji. Wakizidi, tia kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye lita moja ya maji, unyunyize hadi iwalowanishe wenyewe, maana ikikauka kwenye jani tupu haifanyi kitu. Sabuni ya unga usitumie, inababua majani. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina, jua wanafuata utamu wa vidukari na wanawalinda. Zungushia majivu makavu shinani, urudie yakilowa.

Dawa yangu kubwa ni mwarobaini, na Dar es Salaam hakuna mtaa usio nao. Twanga kilo moja ya majani mabichi, loweka usiku kucha kwenye lita 5 za maji, chuja kwa kitambaa, ongeza sabuni kidogo ili ishike. (Tafadhali, si kwenye kinu cha kisamvu! Uchungu ule hautoki kirahisi.) Mbegu zina nguvu kuliko majani: zikaushe kivulini, zimenye, zisage, gramu 50 kwa lita moja ya maji, nazo zilale. Nyunyiza jioni, kwa sababu jua huipunguza nguvu, na urudie baada ya wiki moja au mvua ikinyesha. Usitegemee kukuta mizoga kesho yake. Mdudu huacha kula, na mtoto wake hushindwa kujivua gamba akakua. Mboga uliyonyunyizia iache siku chache, kisha ioshe vizuri kabla ya kupika.

Wapo wanaoloweka tumbaku. Mimi siigusi: nikotini ni sumu hata kwa anayenyunyiza, na tumbaku inaweza kuleta ugonjwa wa virusi kwenye nyanya na pilipili.

Nyanya zenyewe sikushauri uanze nazo. Tangu kanitangaze, nondo ambaye viwavi wake huchimba ndani ya majani ya nyanya, aingie nchini mwaka 2014, zinataka macho ya kila siku. Ukizipanda, chuma kila jani lenye michirizi myeupe, ulifungie kwenye ndoo yenye mfuniko iliyoachwa juani. Usilitupe kwenye shimo la mboji, atatokea hukohuko.

Kabla ya kunyunyiza chochote, tazama kama kuna yule mdudu mwekundu wa mviringo mwenye madoa meusi. Mtoto wake hafanani naye hata kidogo: ni mweusi, mrefu, mithili ya mamba mdogo, na watu humponda wakidhani ni kiwavi. Mwache. Chakula chake ni vidukari, na palipo na watoto wake kadhaa mimi huweka bomba la dawa chini nikasubiri siku mbili tatu.