Jinsi ya kuangalia picha ya mashamba, mfano The Hay Wain

Itafute mtandaoni, ni ya mchoraji Mwingereza John Constable, 1821, yenyewe ipo National Gallery London, halafu izumu. Usianze na mawingu, kila mtu anaanza na mawingu bana. Anza na farasi pale mtoni, cheki ule wekundu kwenye matandiko yao, ndo unafanya kijani chote kiwake. Kisha nenda kulia mbaaali shambani, vile vidoti vyeupe ni vibarua wanakata nyasi, yani wenye kazi ndo wamechorwa kama sisimizi! Sasa jiulize mchoraji ni nani, mtoto wa tajiri mwenye vinu vya nafaka, na 1822 vibarua wa Suffolk, mkoa wa Uingereza wenye mandhari haya, walivunja mashine za kupura sababu ya njaa na kukosa kazi, ila humu shwari tu.