Somo: Dakika mbili za mpira wa tyubu kwa mabega ya watu wa ofisini

Wapendwa, mimi ni karani wa wakala wa mizigo hapa Malaba. Mwaka jana shingo ilikaza hadi nikiitwa nyuma nageuka mwili mzima, kama fisi. Kujinyoosha kulinipa nafuu ya saa moja tu. Kilichonisaidia ni kuipa misuli nguvu.

Hatua ya 1. Laptopu iweke juu ya rimu mbili za karatasi, ukingo wa juu wa kioo ufikie macho, utumie kibodi ya pembeni. Kichwa kina kilo 4 hadi 5. Kikitangulia mbele, shingo inakibeba kutwa.

Hatua ya 2. Kaa wima, rudisha kidevu nyuma kama unamkwepa mtoto anayekushika pua. Usiinamishe uso. Hesabu hadi 5, achia. Mara 10.

Hatua ya 3. Kalia kiganja cha kulia, laza kichwa kushoto kwa sekunde 20. Badilisha upande.

Hatua ya 4, ndiyo yenyewe. Tafuta ule mpira mweusi wa tyubu wanaofungia mizigo kwenye baiskeli. Ukanyage katikati, shika ncha zote mbili, viwiko vikunje kidogo. Inua mikono pembeni hadi usawa wa mabega, basi. Teremsha taratibu kuliko ulivyopandisha. Mabega yakikimbilia masikioni, mpira ni mgumu mno, chukua mwembamba. Kagua nyufa kwanza. Wangu ulikatika ukanichapa shavu, ofisi ikacheka mpaka rolex za mchana, zile chapati za mayai, zikapoa.

Dakika 2, siku 5 kwa wiki. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2011 uliwapa wafanyakazi wenye maumivu ya shingo na mabega zoezi hili hili kwa wiki 10, na waliofanya dakika 2 tu walipata nafuu kuliko wasiofanya.

MASWALI

Kaka, nimeanza juzi, leo mabega yanauma zaidi. Niache? (Jinja)
Uchovu wa misuli mipya huisha siku mbili tatu. Pumzika kesho, urudi na mpira laini. Ukichomwa ndani ya kiungo, acha.

Mimi vidole vinakufa ganzi usiku. (Gulu)
Dada, hapo tyubu weka kando, umwone daktari au mtaalamu wa tiba ya viungo. Na mtu yeyote akibanwa kifua, maumivu yakashuka mkononi, asinyooshe chochote: hospitali mara moja.

Mwanangu, mimi ni fundi cherehani soko la Owino, sina kompyuta. Linanihusu? (Kampala)
Shikamoo mzee. Linakuhusu kuliko sisi. Weka vipande vya mbao chini ya miguu ya meza usiinamie sindano, na kila unapobadilisha uzi simama kidogo. Mpira, hapo Owino, hukosi.