Kupanga kituo cha kura wakati wa mlipuko: foleni, ndoo na wino

Tanzania Bara unapiga kura kituo ulichojiandikisha, na kura ya posta hakuna. Maradhi yakizuka Lindi au Mtwara karibu na uchaguzi, watu wote watapita mlango uleule, siku ileile. Hatari kubwa iko nje, kwenye foleni, kuliko ndani kwenye kituturi, kile kificho cha kupigia kura.

Kwa hiyo vituo visipunguzwe. Milwaukee, Marekani, tarehe 7 Aprili 2020, vituo kama 180 vilibaki 5, na watu wakasimama kwa saa nyingi. Siku nane baadaye Korea Kusini ilipiga kura ikiwa imetanguliza siku mbili za kura ya mapema. Mlangoni walipima joto na kugawa glavu, na mwenye joto la 37.5 kwenda juu alipelekwa kituturi cha peke yake. Waliojitokeza walifika asilimia 66.2.

Sisi siku hizo mbili hatuna, basi tupige hesabu ya muda. Kituo kikifunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni, ni dakika 540. Kikiwa na wapiga kura 450, kila mmoja ana sekunde 72. Lakini hawaji kwa mtiririko huo: Oktoba ni msimu wa korosho, na jua la mchana halisemeki. Nusu yao wakija kabla ya saa 4, zinabaki sekunde 48 kwa mtu. Kunawa na kukausha mikono ni kama sekunde 40, na kila mtu ananawa mara mbili, kabla na baada ya kura, kwa hiyo ndoo moja ya bomba itazidiwa mapema. Weka mbili, zipishane mita mbili.

Kwa nusu lita kila mtu, andaa ndoo 12 za lita 20. Newala na Tandahimba, ambako maji ni ya kutafuta, yaletwe jana yake. Asubuhi ya kura bodaboda wote wana abiria. Maji na sabuni vinatosha kwa mikono. Sabuni ikikosekana, tumia jiki ya asilimia 3.5: mililita 300 kwenye ndoo ya lita 20. Meza na kalamu zinataka kali zaidi, kikombe 1 cha jiki kwa 6 vya maji, ikae dakika kumi ndipo ufute. Changanya asubuhi hiyohiyo, ndoo iwe ya plastiki yenye mfuniko, ikae kivulini. Jua huua nguvu ya klorini. Usinyunyizie karatasi za kura.

Foleni ipitishe chini ya mwembe au mkorosho, alama za chokaa kila mita moja. Wazee, wajawazito na wagonjwa watangulie. Madirisha ya darasa yawe wazi, ila kituturi kisielekee dirishani, kura ni siri.

Wino ndio husahaulika. Kidole kibichi au chenye kitakasa mikono hakishiki wino sawasawa, na wakala wa chama akiona umefifia, ugomvi umeanza. Mpangilio uwe kunawa, kukausha, kuhakikiwa kwenye daftari, kupiga kura, kisha wino. Ukishakauka kabisa ndipo anawe tena.

Saa 10 kamili simamisha mtu nyuma ya wa mwisho kwenye foleni. Waliomtangulia wote wana haki ya kupiga kura, na wakilijua hilo mapema hawatasukumana mlangoni.