Mtoto akianza haiskuli Marekani, msianze na masomo peke yake

Mwanangu wa kwanza alipoingia darasa la 9 hapa Ohio nilimwambia asome tu, mengine yatafuata. Kufika darasa la 12 tukafungua fomu ya Common App, ile ya mtandaoni ya kuombea vyuo vikuu vingi kwa pamoja: nafasi 10 za shughuli za nje ya masomo, na kila moja inauliza ulifanya darasa la ngapi, saa ngapi kwa wiki, wiki ngapi kwa mwaka. Niliumia sana.

Kwa mdogo wake tulianza mapema. Wiki za mwanzo alijaribu klabu tatu. Desemba akabaki na mdahalo na mbio za nyika. Mbili zinatosha, mradi azishike miaka yote minne.

Halafu kuna jambo ambalo wazazi wenzangu tunalipuuza. Kulea wadogo, kumkalimania bibi kwa daktari, kazi ya kulipwa dukani: yote haya yana mahali pake kwenye fomu ile. Binti yangu huwapokea wadogo zake kituo cha basi la shule na kuwapikia ugali mpaka nirudi kazini. Hiyo ni shughuli, aiandike bila aibu.

Mnunulie daftari. Kila Jumapili aandike alichofanya na saa alizotumia, kwa sababu maelezo ya kila shughuli hayazidi herufi 150, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa. “Nilifundisha watoto 6 Kiswahili kila Jumamosi” inaingia vizuri. “Napenda kusaidia jamii” haimwambii msomaji kitu.

Na ombeni ratiba ya mabasi ya shule ya jioni, yale yanayowarudisha nyumbani wanaobaki kwa klabu, kabla hajajisajili popote.