Namna ya kuichora pumu ya ukoo, na kuifuatilia mtoto anapobalehe

Chukua karatasi kubwa na penseli. Chini kabisa andika jina la mtoto, juu yake wazazi wake, juu yao babu na bibi wa pande zote mbili. Pembeni waingize wajomba, shangazi, mama wadogo na watoto wao. Mimi nilichelewa kuifanya kazi hii. Mwanangu wa kiume alipata pumu akiwa na miaka 3, macho yetu yote yakawa kwake, na dada yake alipoanza kubanwa kifua akiwa na miaka 13 tulidhani ni mafua tu.

Usiulize, "Nani ana pumu?" Utajibiwa hakuna. Uliza nani alikuwa akikohoa usiku utotoni, nani kifua kililia kama filimbi kila akishikwa na mafua, nani alikuwa na ukurutu kwenye mikunjo ya viwiko na magoti, nani hupiga chafya mfululizo akikutana na vumbi au paka. Ukurutu, mzio wa pua na pumu hufuatana sana ndani ya ukoo mmoja. Kando ya kila jina lenye dalili weka alama, na uandike umri ilipoanza na ilipotulia. Mama yangu alishikilia kwamba kwetu haipo, hadi nilipouliza habari za kikohozi cha usiku. "Labda mama yako mdogo," akasema. "Yule alikuwa analala ameketi."

Alama zilizo kwa wazazi na ndugu wa tumbo moja zipe uzito mkubwa zaidi. Mapacha wa kufanana hupata pumu wote wawili mara nyingi kuliko mapacha wasiofanana, ndiyo maana tunajua urithi una nguvu. Lakini hakuna jeni, yaani kipande cha urithi, moja ya pumu. Zipo nyingi, kila moja ikiongeza kidogo. Eneo mashuhuri kwa pumu ya utotoni liko kwenye kromosomu ya 17, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni, lilitangazwa mwaka 2007, na athari yake huonekana hasa kwa watoto ambao virusi vya mafua viliwabana kifua miaka ya mwanzo. Basi karatasi ikijaa alama, mafua ya mtoto mdogo yanayoleta mlio kifuani usiyaache yapite hivi hivi. Mpeleke asikilizwe. Na sigara isivutwe karibu naye, wala mama akiwa mjamzito. Jeni hatuzichagui, moshi tunauchagua.

Tafadhali, karatasi hiyo isiwe ya kumlaumu mkwe wala mwenzi wako.

Sasa homoni. Utotoni wavulana ndio wanaougua zaidi, sababu mojawapo ikiwa kwamba njia zao za hewa ni nyembamba zikilinganishwa na mapafu yao. Baada ya balehe mambo hugeuka: testosteroni, homoni ya kiume, inaonekana kutuliza uvimbe wa njia za hewa, na wasichana wanawapita wavulana. Wanaovunja ungo mapema wako kwenye hatari kubwa kidogo.

Kwa hiyo msichana akikaribia miaka 10, mpe kalenda yake mwenyewe. Yake, si yako, maana binti yangu aliona haya mpaka nilipoacha kuichungulia. Aweke K usiku aliokohoa, I kila alipotumia inhela ya kutuliza (dawa ya kuvuta inayofungua kifua haraka), na nukta siku za hedhi. Miezi 3 inatosha kuanza kuona mtindo. Kwake K zilijikusanya siku 3 au 4 kabla ya nukta, mwezi baada ya mwezi. Daktari aliitazama kalenda ile, akabadilisha mpango wa dawa palepale.

Usiku usiudharau. Kotisoli, homoni ya mwili inayozuia uvimbe, hushuka usiku, na pumu isiyodhibitiwa hujionyesha kuelekea alfajiri. Steroidi ya kuvuta, dawa ya kuzuia pumu, inaiga kazi hiyo hiyo. Si homoni ya balehe, kama shangazi zake walivyoogopa. Inaweza kupunguza urefu kwa takriban sentimita 1, nami ningeukubali upungufu huo mara mia kuliko kumwona akipigania pumzi.

Mvulana akitulia balehe, kama wangu alivyotulia akiwa na miaka 14, usimwachishe dawa mwenyewe. Daktari aipunguze kidogo kidogo, kwa kuwa pumu huweza kurudi ukubwani.

Na siku mbavu zinapovutwa ndani, mtoto hamalizi sentensi au midomo inageuka bluu, mpe inhela ya kutuliza na mkimbize hospitali.