Faili la siri za serikali: kabla hujaidhinisha mashtaka

Tuseme faili limetoka Mokowe, upande wa bara wa kaunti ya Lamu, Kenya: karani amepiga picha ratiba ya doria, ikaingia kundi la WhatsApp. Wapelelezi wanataka ashtakiwe chini ya Sheria ya Siri za Serikali, Sura ya 187. Uamuzi ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, nawe, kiongozi wa mashtaka, unautekeleza kwa niaba yake. Ibara ya 157 ya Katiba haidai ridhaa ya mtu mwingine.

1. Anza na waraka wenyewe, maelezo ya mashahidi baadaye. Muhuri mwekundu wa SIRI peke yake haukufikishi popote. Ratiba ya wiki iliyopita na ile ya kesho usiku hazina uzito mmoja. Mwenye waraka aandikishe maelezo: nani aliufanya siri, lini, nani aliruhusiwa kuuona, ukivuja unadhuru nini. Kama hayamo, rudisha faili.

2. Tenganisha matendo. Kupata waraka, kuupitisha kwa mwingine na kukaa nao bila haki ni mambo mbalimbali katika kifungu cha 3 cha Sheria hiyo ya Siri. Ukiyarundika kwenye shtaka moja, wakili wa utetezi atalipasua siku ya kwanza.

Kisha tafuta nia, na hapa usiwe na haraka. Aliyekosea kundi akamwarifu mkubwa wake papo hapo hafanani na aliyekata pembe ya picha ili muhuri usionekane. Huyo wa pili amekuachia ushahidi kwamba alijua. Linganisha picha iliyobaki kwenye simu na ile iliyotumwa. Uliza pia kama alilipwa na kama aliwahi kutia sahihi kiapo cha siri.

3. Simu yenyewe. Kutoka gati ya Mokowe hadi mahakama ya Lamu inavuka kwa boti, na kila mkono ulioishika lazima uandikwe, pamoja na saa. Picha zilizochapishwa ziambatane na cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Kesi nyingi nzuri hulegea hapa.

4. Pima mara mbili, kama Mwongozo wa Uamuzi wa Kushtaki wa 2019 unavyotaka: kwanza ushahidi, halafu maslahi ya umma. Kama waraka ulifichua wizi wa mali ya umma, soma Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayomlinda mfichuaji. Kama ni uzembe mdogo, nidhamu ya kazini huenda ikatosha.

5. Muulize mwenye waraka, kwa maandishi: utakubali mshtakiwa auone? Ibara ya 50 ya Katiba inampa haki ya kupata mapema ushahidi utakaoutumia. Mahakama inaweza kuwatoa wanahabari na umma kwa ajili ya usalama wa taifa, lakini mshtakiwa na wakili wake watabaki. Jibu likiwa hapana, usiidhinishe shtaka linalotegemea waraka huo. Andika sababu zako kwenye faili, tia tarehe na sahihi, urudishe kwa wapelelezi mtu angali huru, kuliko kuja kuiondoa kesi kwa kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai akiwa ameshakaa rumande miezi.