Kudaka hitilafu za Python bila kumwachia mwizi mlango

Juzi usiku mpwa wangu alinipigia simu kutoka Mwembe Tayari, Mombasa, kwenye duka la spea alikowatengenezea programu ya stoo. "Mjomba, mbona kila mtu amekuwa meneja?" Umeme ulikuwa umekatika, kompyuta yenye databesi ikazimika, na kuli wa dukani akawa anabadilisha bei za breki kwa simu yake.

Hatua ya 1. Zima `debug=True` ya Flask (fremu ya Python ya kutengenezea programu za wavuti) kabla mtu wa nje hajaifikia seva. Ule ukurasa wa hitilafu una konsoli inayoendesha amri za Python, na PIN yake si kufuli ya kutegemea.

Hatua ya 2. Futa kila `except:` tupu, yaani isiyotaja aina ya hitilafu. Inameza hata `KeyboardInterrupt` (ile ya Ctrl+C) na `SystemExit` (ya kufunga programu).

Hatua ya 3. Hapa ndipo tulipokesha, saa mbili mpaka saa saba.

```
def ni_meneja(mtu):
    jibu = True
    try:
        jibu = soma_cheo(mtu) == "meneja"
    finally:
        funga()
        return jibu
```

Tulishuku vidakuzi, tukashuku simu ya kuli. Logi nyeupe, hakuna kosa hata moja! Kumbe `return` iliyo ndani ya `finally`, sehemu inayoendeshwa hitilafu itokee isitokee, huitupa hitilafu kimyakimya. Databesi haipatikani, `soma_cheo` inalia, hakuna anayesikia, na `jibu` linabaki lile la mwanzo: `True`. Kubadilisha ile `True` peke yake hakutoshi, maana hitilafu bado itapotea. Andika hivi:

```
    try:
        return soma_cheo(mtu) == "meneja"
    except psycopg.Error:
        logging.exception("cheo hakikusomeka")
        return False
    finally:
        funga()
```

`psycopg` ni maktaba ya Python ya kuzungumza na databesi ya PostgreSQL. Na `funga()` istahimili muunganisho ambao haukuwahi kufunguka, la sivyo italeta hitilafu yake. Python 3.14 hutoa onyo ikikuta `return` ndani ya `finally`. Matoleo ya nyuma hunyamaza, kwa hiyo `return` hizo zitafute mwenyewe kwa `grep`, amri ya kutafuta maneno ndani ya faili. Mimi sina subira na "nitaangalia kwa macho".

Hatua ya 4. Mteja mwonyeshe "Jaribu tena baadaye" tu, maelezo yaende kwenye logi. Nenosiri lisiende kokote. Anayekosea kuingia aambiwe "jina au nenosiri si sahihi", asijue ni lipi.

Hatua ya 5. Zima databesi makusudi, kisha ingia kama kuli. Mpwa alichomoa waya mbele yangu. Bei za breki hazikuguswa.